Likizo ya Familia Katika Mji Mkongwe wa Ujiji

Likizo ya askari ina desturi yake. Barua ya ruhusa ikishatiwa sahihi, nyumba nzima huanza kuhesabu siku, na kabla siku hizo hazijaanza tayari zimekwisha kugawanywa. Katika Kinanira, mtaa ule wa kusini mwa Bujumbura wenye ziwa upande mmoja na vilima upande wa pili, sehemu ya kwanza ya likizo aghalabu huenda kwa wazee mlimani, ambako kuna shamba la kulimwa, kesi ya mpaka ya kusikilizwa na harusi ya binamu isiyokosekana. Sehemu ya pili huliwa na nyumba yenyewe: bati linalovuja, mlango usiofunga, ukuta uliobomolewa na mvua ya Aprili. Siku ya mwisho baba hurudi kikosini akiwa amechoka kuliko alivyotoka, mama hajauacha moto hata siku moja, na watoto wamemwona baba yao akipita tu na nyundo mkononi.

Hakuna asemaye wazee wasitembelewe, wala kwamba bati liachwe livuje. Lakini siku 5 tu zikitengwa katika ruhusa ya mwezi, mke, mume na watoto wakaondoka pamoja kwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliye mwenyeji, nyumba hupata kitu ambacho fedha ya mshahara haikinunui kwa njia nyingine. Jambo hili ni zito zaidi kwa watu wa jeshi na polisi. Tangu Desemba 2007, vikosi vya Burundi vilipoanza kwenda Somalia, nyumba nyingi za Bujumbura zimejifunza kuishi mwaka mzima bila baba. Mtoto aliyezaliwa baba akiwa huko alimjua kwanza kwa sauti ya simu. Mtu huyo arudipo, kuketi naye chumba kimoja hakutoshi. Inafaa pawepo na safari ambayo wote wataikumbuka kwa namna moja.

Swali lifuatalo ni wapi. Wengi wakisikia neno likizo huwaza pwani ya Bahari ya Hindi: Bagamoyo, Zanzibar, Mombasa. Hayo ni mawazo mazuri kwa mwenye mfuko mpana. Kutoka Ziwa Tanganyika hadi Dar es Salaam reli ina urefu wa kilometa zaidi ya 1,200, na familia ya watu 6 itakuwa imemaliza nusu ya akiba yake kabla haijaionja chumvi ya bahari. Hali ile njia kuu ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora, ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo uko jirani kabisa na Kinanira, kwenye maji yale yale ambayo watoto wa Kinanira huyaona kila jioni. Ni Ujiji, mji mkongwe ulio ndani ya manispaa ya Kigoma-Ujiji nchini Tanzania. Safari ya gari kutoka Bujumbura haifiki kilometa 300.

Wazo la kumpeleka mfanyakazi na watoto wake majini ili wapumzike si la kale hata huko Ulaya. Brighton, mji mashuhuri wa pwani ya kusini ya Uingereza, ulikuwa kwanza kijiji cha wavuvi, kisha ukawa mahali pa starehe za wakuu. Ni reli iliyofika kutoka London mwaka 1841 ndiyo iliyowaleta watu wa kawaida kwa wingi. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi mwaka 1938 ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya likizo yenye malipo. Kigoma nayo ilipata reli, mwaka 1914, lakini reli ile haikuja kumpumzisha mtu. Kwa miaka mingi iliwachukua vijana wa Buha na wa Burundi kwenda kukata mkonge katika mashamba ya mashariki. Si vibaya basi wajukuu wao wakifika kwenye stesheni ile wakiwa na kikapu cha chakula na kamera.

MJI ULIOZALIWA NA NJIA

Afadhali wazazi wajue kitu juu ya Ujiji kabla ya kufika, kwa sababu mtoto atauliza, na jibu la "ni mji wa zamani tu" halimtoshi mtoto wa siku hizi. Wazungu wa kwanza kuliandika ziwa hili, Burton na Speke, walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Hawakuigundua njia; waliifuata. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kufika, na wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kila chemchemi yake. Pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa walivushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, kisha wakapangwa katika misafara ya miezi mingi kuelekea pwani. Miembe mikubwa iliyoota kandokando ya njia zile ina kivuli kizuri mno, na watoto watapenda kucheza chini yake. Lakini ni haki wakielezwa ni nani waliokipitia kivuli hicho wakiwa na minyororo shingoni. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya mapendekezo ambayo Tanzania imeyapeleka UNESCO ili yafikiriwe kuwa urithi wa dunia.

Burundi ina fungu lake la pekee katika habari hii, na hapo ndipo baba askari anapoweza kusimulia kwa fahari. Wafanyabiashara wa Ujiji walijaribu zaidi ya mara moja kuingia Burundi kwa nguvu. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, ambaye katika miaka ya 1880 alikuwa na nguvu kubwa katika pwani za kaskazini mwa ziwa. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, mtawala aliyefariki mwaka 1908, yaliwazuia wasipande milimani. Ndiyo sababu misafara ile ya minyororo haikupata kuota mizizi katika nchi ya ndani ya Burundi kama ilivyoota magharibi ya ziwa.

Kisha kuna habari ijulikanayo dunia nzima, ya Livingstone na Stanley. Hapa watu wa Bujumbura hukosea mara nyingi. Kule Mugere, kilometa zipatazo 12 kusini mwa Bujumbura, pana jiwe kubwa lenye majina ya watu hao wawili na tarehe 25 Novemba 1871, na wengi huambiwa kuwa hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, siku ambayo Stanley aliihesabu kuwa ni tarehe 10 Novemba 1871, ingawa wanahistoria wengine husema hesabu yake ya siku ilikuwa imepotea kidogo kwa sababu ya homa. Baada ya kukutana walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini, kwa kuwa walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakiwa njiani walilala Mugere siku 2. Walipofika kwenye mdomo wa Rusizi walikuta maji yanaingia ziwani, na kwa hiyo fikira ya kuwa ziwa hili humwaga maji yake kwenye Mto Nili kwa njia ya Rusizi ikafa. Mvuvi yeyote wa Gatumba angeweza kuwaambia hivyo bila kuwataka waende na kalamu.

Familia itokayo Kinanira ina bahati ya kuanza na jiwe la Mugere saa ya kwanza ya safari, kisha kuifuata habari ile kinyumenyume hadi Ujiji. Hapo pana jumba la makumbusho na mnara wa ukumbusho uliojengwa mwaka 1927, pamoja na miembe isemwayo kuwa ni vizazi vya mwembe ule wa kale. Ndani zimo sanamu mbili za ukubwa wa mtu zikionyesha salamu ya wale wawili. Watoto hupiga picha hapo wakicheka, na ni sawa wacheke. Lakini sanamu hizo huwaacha nje watu ambao bila wao pasingekuwa na salamu. Aliyetoka mbio kumpokea Stanley, kabla ya Livingstone mwenyewe, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Miongoni mwa viongozi wa msafara wa Stanley alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, ambaye ndiye pia aliyekuwa na Burton na Speke mwaka 1858. Na Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na Chuma pamoja na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa. Mwalimu wa nyumbani ni mzazi. Majina haya yasipotajwa na sanamu, yatajwe na mama.

Jambo moja litawashangaza watu wa Kinanira wakisimama penye mnara: ziwa liko mbali. Wakati wa Livingstone maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga ulio upande wa Kongo, na katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Maji yakapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kilivunjika, ziwa likashuka kwa mita kadhaa, na pwani ikasogea. Mzazi wa Kinanira ana mfano wa karibu wa kumweleza mtoto, maana ziwa lilipanda tena kwa namna ya kutisha mwaka 1964, na tena kati ya mwaka 2020 na 2024, maji yalipoingia katika nyumba za Gatumba na za mitaa ya ufukoni mwa Bujumbura. Mtoto aliyeona jirani akihama kwa ajili ya maji ataelewa haraka kuliko profesa kwa nini mnara wa Ujiji umeachwa nchi kavu.

NJIA NA HATI

Barabara hufuata ziwa kupitia Mugere, Kabezi, Gitaza na Magara hadi Rumonge, kisha Nyanza-Lac. Hadi hapo ni kilometa zipatazo 125. Kutoka Nyanza-Lac hupanda vilima kuelekea Mabanda na kituo cha mpaka cha Mugina. Ng'ambo ni Manyovu, na kutoka Manyovu kuna lami ya kilometa kama 60 kuteremka hadi Mwandiga na Kigoma. Kwa magari ya abiria familia itabadilisha gari mara 2 au 3. Miaka ya karibuni Burundi imepata vipindi vya upungufu wa mafuta ya gari, na nauli hupanda bila taarifa. Kwa hiyo mtu asipange kuondoka saa 4 asubuhi akitarajia kufika jioni. Saa 12 alfajiri, watoto wakiwa na chai tumboni, ndiyo saa ya kuondoka.

Saa yenyewe ni jambo la kuangaliwa. Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa 1. Mtu afikaye mpakani saa 10 jioni kwa saa ya Burundi, upande wa pili tayari ni saa 11, na jua la Manyovu halitamngojea. Tena, magari ya Burundi hupita upande wa kulia, ya Tanzania upande wa kushoto. Dereva mwenye gari lake huwa ameambiwa hili mara nyingi. Anayesahauliwa ni mtoto, ambaye amefundishwa nyumbani kutazama upande fulani kabla ya kuvuka barabara. Akifika Kigoma atatazama upande usiofaa. Mama amshike mkono siku ya kwanza na ya pili, hata kama ana miaka 10 na anaona haya.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na raia wake hahitaji viza kuingia Tanzania. Hii haina maana kwamba huingia mikono mitupu. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya kusafiria iliyotolewa na ofisi ya uhamiaji, watoto wakiwamo, na ni vizuri kuulizia ofisini humo mwezi mmoja kabla kwa kuwa taratibu hubadilika. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano isiachwe kabatini. Mama asafiriye na watoto peke yake, mumewe akiwa kazini, achukue vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya baba iliyopigwa mhuri.

Kwa askari na polisi yapo mengine. Ruhusa ya kutoka kazini si ruhusa ya kutoka nchini. Ya pili huombwa kwa maandishi, na wakati wa kuiomba ni kabla ya kulipa nauli. Sare ibaki nyumbani, pamoja na fulana, kofia na mikoba yenye madoa ya kijeshi. Nchini Tanzania sheria hairuhusu raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na sheria hiyo haimwangalii mtoto aliyenunuliwa suruali ya namna hiyo sokoni. Mama apekue masanduku yote kabla ya kufunga. Bandari, daraja, kituo cha mpaka na kambi havipigwi picha. Askari analijua hilo kwao, na alikumbuke ugenini.

FEDHA YA SAFARI

Kitu kiharibucho likizo za watu wa mshahara mdogo ni kuondoka na fedha iliyo katika fungu moja. Tuseme ni koplo mwenye mke na watoto 4. Akiweka kila mwezi sehemu ndogo katika chama cha akiba, au akimwachia mkewe daftari na sanduku, mwaka ukiisha atakuwa na kiasi fulani, kikubwa au kidogo. Kiasi hicho kigawanywe kabla ya safari. Fungu la kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi, na ya kurudi itiwe katika bahasha ambayo haifunguliwi Kigoma kwa sababu yoyote ile. Fungu la pili ni malazi. La tatu ni chakula. La nne ni la ugonjwa na ajali, nalo lisipungue sehemu 1 katika 5 ya fedha yote. Kinachobaki ndicho cha matembezi na zawadi, na kama hakibaki kitu, siku zipunguzwe kutoka 5 hadi 3. Kukopa kwa ajili ya likizo ni kuinunua kwa bei mara mbili.

Faranga za Burundi hubadilishwa kuwa shilingi katika benki au duka lenye leseni. Vijana wa mpakani wenye maburungutu mkononi hutoa hesabu ya haraka ambayo mtu huielewa akiwa amekwisha kufika Kigoma. Baba na mama wagawane fedha, kila mmoja na yake mahali pake, ili mfuko mmoja ukipotea safari isife.

Malazi ya Ujiji na Kigoma ni ya namna nyingi. Kwa familia, chumba kikubwa katika nyumba ya wageni ya kawaida, yenye ua na mahali pa kuchemshia maji, ni bora kuliko vyumba viwili vya hoteli. Yafaa kutazama vyandarua kabla ya kulipa: viko vingapi, na vina matundu mangapi. Malaria ya Kigoma ni ile ile ya Bujumbura. Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala au bajaji kutoka Kigoma, kwa hiyo aliyelala katika mmoja hajaukosa mwingine.

KUISHI NA WENYEJI

Mtu wa Kinanira hatajiona mgeni kabisa. Lugha ya Kiha na Kirundi zinaelewana kiasi kwamba bibi asiyejua Kiswahili atanunua mboga bila mkalimani. Na Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kina jamaa zake Ujiji, kwani watu wengi wa Buyenzi wana asili yao huko na Maniema. Hata hivyo kuna tofauti ndogo zitakazowachekesha. Samaki aitwaye mukeke Bujumbura, Kigoma ni mgebuka. Ndagala ni dagaa. Na watoto wafundishwe mapema kumwamkia mkubwa kwa "shikamoo" na kungojea "marahaba", desturi ambayo nyumba nyingi za Bujumbura haziitumii. Mtoto ampitaye mzee wa Ujiji na "habari" kavu atahesabiwa kuwa hakufunzwa. Ujiji ni mji wa Kiislamu wa tangu zamani. Kitenge au kanga na vazi lenye staha humfungulia mama milango mingi zaidi kuliko fedha.

Siku ya Ujiji yenyewe ianze asubuhi na makumbusho, kisha kushuka hadi ufukoni, ambako mafundi huunda mitumbwi na mashua kwa mbao. Hapo watoto watakaa saa nzima bila kudai kitu. Siku nyingine ni ya Kigoma: soko, na stesheni ya reli waliyoijenga Wajerumani, jengo la fahari ambalo mtu hakulitarajia. Baba aliye askari atapenda habari za bandarini. Mwaka 1915 Wajerumani waliishusha majini hapo meli iitwayo Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuungwa tena Kigoma. Mwezi Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yakikaribia, wenyewe waliizamisha, lakini mitambo wakaipaka mafuta mazito kwanza kwa kutumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Miaka ya karibuni iliondolewa safarini kwa matengenezo makubwa, kwa hiyo mtu asiitie katika mpango wake kabla ya kuulizia bandarini. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka huo wa 1916 na kuikalia hadi 1921, kisha wakabakiwa na sehemu yao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Ruanda-Urundi. Vitu vingi vya madukani mwa Usumbura ya wakati ule vilipitia hapo.

Hifadhi ya Gombe iko kaskazini ya Kigoma, huendewa kwa boti, na ndiko Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alikoanza kuwachunguza sokwe mwezi Julai 1960. Ni mahali pa ajabu, ila si pa kila familia. Kiingilio na boti hugharimu, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, na mwenye mafua hukataliwa kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa ya binadamu. Wenye watoto wadogo waiache kwa mwaka mwingine bila majuto.

Kuhusu maji, ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, nalo hubadilika ghafla. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ambao ndio wa likizo za shule, upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa, hasa adhuhuri. Boti isiyo na maboya ya kuokolea hata watoto haipandwi, hata ikiwa nahodha ni mtu wa dini. Kuogelea kuwe mahali ambapo wenyeji wenyewe huoga, penye mchanga na pasipo majani, kwa kuwa konokono wa kichocho hukaa penye majani na maji yaliyotulia. Mamba na viboko wawepo au wasiwepo, mwenyeji ndiye ajuaye, na ni yeye wa kuulizwa.

Watu wengi huenda wakiwaza mgebuka wa kuchoma. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi 4 za ziwa. Katika miezi ya namna hiyo samaki wabichi huadimika na bei hupanda. Anayetaka samaki kwanza aulizie tarehe. Maharage, mchele na mboga zilizokaangwa kwa mawese hupatikana siku zote.

Mama afungashe paketi za chumvi ya kuhara, na akizikosa atengeneze mwenyewe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo. Kama kuna damu katika choo, au macho yameingia ndani, hilo si la jikoni tena, apelekwe hospitali.

KIGOMA YA KUMBUKUMBU NYINGINE

Lipo jambo ambalo mpango wa safari hauwezi kuliruka. Kwa nyumba nyingi za Bujumbura jina la Kigoma si jina la starehe. Mwaka 1972, na tena 1993, watu walivuka mpaka huu kwa miguu usiku. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu walijazana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuko mwembamba chini ya mlima, kipindupindu kikaingia, na Liemba ile ile ya Wajerumani ndiyo iliyowachukua kwa mafungu hadi Kigoma mjini, kutoka huko wakapelekwa kambini Nyarugusu. Wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Katika familia moja anaweza kuwapo mke aliyezaliwa kambini na mume ambaye hajui hata barabara ya kwenda huko.

Wazee wengine watakataa kwenda, na wasilazimishwe. Wengine watataka kwenda kwa sababu hiyo hiyo: kuiona bandari ile wakiwa na hati mkononi, nauli ya kurudi katika bahasha, na chumba kilicholipiwa. Ni busara mume na mke waliongee hili nyumbani kabla ya kuondoka, watoto wakiwa wamelala, na waamue ni kiasi gani watawaambia na nani atakayeanza. Mama mzee anaweza kusimama ufukoni akanyamaza kwa muda mrefu. Asiharakishwe kwa ajili ya daladala.

KURUDI

Aliye na ruhusa ya siku 10 asipange kuvuka mpaka siku ya 10. Gari huharibika, mvua huangusha udongo barabarani kati ya Rumonge na Bujumbura, na mkuu wa kikosi hawajibiki kwa matengenezo ya barabara. Siku 1 kamili ibaki ya kufika nyumbani, kufua na kulala. Ile saa 1 iliyopotea wakati wa kwenda hurudishwa mpakani, na mtu aliyeondoka Kigoma asubuhi na mapema hupata nafasi ya kula Nyanza-Lac bila pupa.

Zawadi nyepesi na isiyoharibika ni dagaa wakavu. Wachaguliwe waliokauka sawasawa, wenye rangi ya fedha na wasio na mchanga, wafungwe katika karatasi na si katika mfuko wa plastiki, ambao huwatia unyevu. Isitoshe Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo mwezi Juni 2019 na hunyang'anywa mpakani. Fungu la kwanza ni la jirani aliyekaa na ufunguo wa nyumba ya Kinanira.